Firigisi ya Mtoto wa Baridi

Mimi si mtu wa kushtuliwa na kitu. Nilianza na kuku wachache kwenye kikapu, nikiwatembeza Kibera kwa miguu, na leo hoteli ndizo zinanitafuta. Shule niliachia darasa la nne, lakini watu wa digrii wakichelewesha kodi kwenye nyumba zangu huniita mheshimiwa. Kwa hivyo nilipopita Kabiro, kule Kawangware, juzi, nikamkuta mama akikaanga firigisi kando ya njia, wasichana wa shule wamemzunguka wanazitafuna wakicheka, sikushtuka. Nilisimama tu. Nilisimama mpaka mama akaniuliza, "Nikufungie, mzee?" na mimi, ambaye kuku hao huenda walitoka kwangu, nikaendelea kutazama firigisi zikigeuzwa.

Rafiki yangu, kama ulilelewa na watu wa magharibi ya Kenya unajua kwa nini. Siku zile firigisi haikuwa nyama ya kila mtu. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwanaume wa nyumba, na mwanamke hagusi, hata kama kuku ni wake na amemfuga mwenyewe. Kwetu Kawangware mwanaume wa nyumba nilikuwa mimi. Babu alikuwa amefariki, baba hakuwa mtu wa kuonekana, nikalelewa na bibi, tuliyemwita kukhu. Kila Krismasi jogoo alitoka kijijini kwetu kwa basi, miguu imefungwa kamba ya katani, na kila Krismasi kukhu aliweka firigisi juu ya ugali wangu akasema, "Karibu, mzee wangu." Mwaka mzima nilichota maji na kupasua kuni nikingoja kuitwa mzee.

Kisha ikaja ile familia. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Baba yao alikuwa mtu wa kwetu, alikwenda Ulaya kufanya kazi, akazaa huko, akarudi na mke na watoto wawili, akapanga chumba mlango wa pili kutoka kwetu. Watu walisema wamerudi nyumbani. Baba alikuwa amerudi, ndiyo. Lakini yule kijana wa rika langu na dada yake mdogo hawakuwa wamerudi popote. Kwao Nairobi ndiyo ilikuwa ng'ambo.

Yule kijana tulimwita Mtoto wa Baridi. Desemba jua linachoma mabati mpaka yanalia, yeye anatoka amevaa sweta ya sufu na kofia ya kufumwa, jasho linamtiririka, kwa sababu kwao Krismasi ndivyo inavyovaliwa. Mama yake alikata tawi la msonobari Riruta, akalisimamisha mlangoni na kulibandika pamba, eti ndiyo theluji. Mbuzi wa jirani akala theluji yote kabla ya saa sita. Kijana akalia machozi kabisa. Mimi nilifurahi, sitakudanganya.

Maana alikuwa amenichukulia kila mtu. Mpira wa makaratasi niliokuwa nikisokota mimi, sasa wenzangu waliuacha wakaenda kuuliza habari za theluji. Hata fundi viatu, ambaye hakuwahi kunipa salamu, alimpa kigoda akae. Nikasema moyoni, sawa, chukua wote. Kukhu humpati.

Siku ya Krismasi kukhu aliamka kusiriba sakafu, akasukuma chapati, akamchinjisha jogoo kwa jirani. Harufu ya mchuzi ilipoanza kutoka, akafuta mikono kwenye leso akaniambia niende kuwaita wale wa mlango wa pili. Baba yao alikuwa kwenye zamu kazini, na kukhu hakuweza kustahimili kuona mama na watoto wakila Krismasi bila ndugu. "Wametolewa kwenye baridi yao," akasema, "tusiwaachie jua peke yake."

Wakaja, sweta na yote. Sahani zikatengwa. Nikanyoosha mgongo nikisubiri. Kukhu akaichota firigisi, mkono wake ukapita mbele yangu, ukaenda kuiweka juu ya ugali wa Mtoto wa Baridi. "Karibu, mzee mgeni."

Sijui nikueleze vipi. Nimewahi kuibiwa kuku wa lori zima, na haikuniuma vile.

Kijana akaigeuza akiitazama. Mama yake, aliyeijua mila hiyo kwa mumewe, akamnong'onezea ni nini na ni ya nani. Akafikiri, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Na yeye kukhu, kwa nini hapana?" Akachukua kisu, akaikata vipande, na kile kikubwa akamwekea kukhu kwenye kiganja.

Mama yake akajiziba mdomo. Mimi nikangoja kukhu amfukuze, nikaomba amfukuze. Kukhu akakitazama kile kipande, akakitia kinywani, akatafuna taratibu huku ametazama mlango.

"Kumbe ni tamu hivi," akasema. "Na mmenificha miaka yote."

Wakacheka, yeye kwanza. Kijana akanipa na mimi kipande. Nikakila, na kilikuwa kichungu.

Kabla ya mwaka uliofuata kwisha familia ile ilihamia mtaa mwingine, sikuwaona tena. Lakini yule kijana alibaki mezani kwetu kila Krismasi. Nilipopata pesa nilimletea kukhu firigisi kwa mifuko kutoka kibandani kwangu Kibera, za kumshinda kula. Anakula moja, anashukuru, halafu ananiambia, "Ni nzuri, mzee wangu. Lakini ile ya Mtoto wa Baridi!" Mtu mzima mimi, mwenye biashara, ninamwonea wivu mtoto wa sweta.

Leo firigisi hupimwa kwa kilo, anakula anayelipa, na hakuna anayekuita mzee kwa ajili yake. Ni haki, siikatai. Lakini kile kiganja kilichongoja miaka yote, siku hizi hukipati sokoni.

Krismasi yake ya mwisho, kukhu alikuwa hawezi tena kusimama jikoni. Sikubeba mfuko. Nilikwenda kwa jirani yake mwenye jogoo mwekundu, nikalipa alichotaja, mimi ambaye sijawahi kulipa bei ya kwanza. Nikapika mwenyewe. Kukhu akaniwekea firigisi juu ya ugali. Nikachukua kisu, nikaikata, nikamtilia kile kikubwa kiganjani. Alitafuna muda mrefu. Nilingoja anitajie yule kijana, na siku hiyo hakumtaja.

Jogoo yule alinigharimu shilingi sitini na tano.