Mbegu Iliyooshwa Mara Saba

Kila Machi, mvua ya kwanza ilipogonga mabati, Wekoye alitoka Kitale na jembe lake kwenda Ndalu kumpandia mahindi dada yake Nekesa. Hakuna aliyemtuma. Nekesa aliketi mlangoni, mikono ikimtetemeka mapajani, akimsimanga kwamba mistari yake imepinda kama njia ya ng'ombe.

Mwaka wa themanini na nne, mvua ilipokataa, Wekoye alikuwa kibarua katika ghala la mbegu. Alichanganya mahindi na unga mwekundu wa zebaki, dawa ya kuzuia ukungu. Kwenye magunia palichorwa fuvu la kichwa. Nekesa, mjane aliyeishi peke yake, alipolia njaa, Wekoye alimpelekea masalio ya mbegu hizo, gorogoro tano za kilo mbili mbili.

"Ni za kupanda," alimwambia.

"Kupanda wapi, kwenye vumbi? Si ni mahindi tu, Wekoye?"

Angekataa. Lakini aliona mashavu ya dada yake yalivyobonyea, akasema: "Osha basi. Mara saba, mpaka maji yawe meupe."

Waliosha pamoja. Ili kuhakikisha, walimtupia kuku konzi moja. Asubuhi kuku alikuwa akichakura uani kama kawaida.

"Kuku amepitisha," Nekesa alisema, akabeba mahindi kwenda kuyasaga posho mill.

Baada ya wiki tano midomo yake ilikufa ganzi, kisha vidole, kisha miguu ikamyumbisha. Akasema amerogwa na mke wa Wabwile, jirani yake. Wekoye alisikia, akanyamaza.

Miaka ya tisini ilipoingia, afisa wa kilimo alifika ghalani kutangaza kwamba zebaki imepigwa marufuku kwenye mbegu. Wekoye akainua mkono.

"Na mtu akiosha?"

"Anaosha rangi, mzee. Sumu imebaki kwenye punje."

"Kuku alikula, hakufa."

"Hii haina haraka."

Siku hiyohiyo alikwenda Ndalu, akasema yote, hata lile fuvu. Nekesa akaweka kikombe chake cha chai chini.

"Kwa hiyo mama wa watu hakuniroga," alisema. "Na wewe uliniacha nimtukane sokoni."

"Nilikuacha."

"Nishike mkono. Twende kwake."

Wote wawili walijua kwamba mke wa Wabwile alikuwa amehama, akikimbia maneno hayo. Mlango wa nyumba yake ulikuwa na kufuli yenye kutu, magugu yamefika dirishani. Wekoye alimshikilia dada yake kiwiko, naye Nekesa akapiga hodi hata hivyo.