Saa Nilizokaa Nyuma ya Darasa

Wenzangu, tangu Ijumaa sijatoka nje. Hata hodi naitikia dirishani.

Nilirudi Msambweni mwezi uliopita kutoka Amerika, kwenye chuo ambacho hakikupi digrii mpaka utimize saa mia moja na ishirini za masomo, saa moja ikiwa kipindi cha kila wiki kwa muhula mzima. Mimi nimelelewa na darsa la msikitini, ambako mwenye kukaa akasikiliza amesoma. Basi kila jioni niliingia darasa lolote nililokuta mlango wazi, nikakaa nyuma, na saa zile nikazijumlisha na zangu. Zilipotimia nikafunga mizigo, nikijua cheti kitanifuata.

Uhuru ulikuwa bado mbichi, na shule yetu mpya ilimngoja msomi wa kuiongoza. Ijumaa hiyo baba akachinja ng'ombe. Kwa kuwa sikuja na vazi la chuo, aliniazimia joho la harusi la jirani, nikaketi jamvini kama bwana harusi asiye na mke. Nikajiona mtu! Nikamwomba na Bakari wa Vanga, niliyesoma naye huko, asimame anishuhudie.

Bakari akasimama, akanitazama kwa huruma.

"Zile za jioni ulijiandikisha lini? Bila kujiandikisha na kufanya mtihani, haihesabiwi hata moja."

Watu wakaacha kutafuna. Baba akanigeukia.

"Mwanangu, umehitimu au hukuhitimu?"

"Bado, baba."

Hakunigombeza. Alinivua joho, mkono mmoja kisha wa pili, akalikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe.