Papa wa kamio na taa za gari yangu

Barafiki, leo asubui nilipatia mutu funguo ya gari na telefone yangu, na hakuniomba kitu. 🙈

Tulikuwa tunatoka Kipese na mama, namuleta kwetu Butembo, ukungu mingi sana. Kamio moya, lori kubwa ya mizigo, ikatupita, ikasimama mbele yetu. Shofere akashuka, amekasirika.

Nikazani ni mwizi, nikamunyooshea funguo na telefone: "Papa, kamata, utuachilie tu bazima."

Akaniangalia. Akacheka mpaka mama naye akacheka.

"Dada, mimi ni Issa wa Beni, napeleka viazi kwetu. Taa zako hazimulike kitu! Kidogo uanguke mu bonde."

"Lakini niliweka ampule mupya mu taa juzi tu!" nikamujibu.

"Ampule iko bien. Ni vioo vya taa vimekuwa manjano."

Akaleta maji, karatasi ya kusugulia mbao na dawa ya meno. Akasugua polepole, akapanguza, akasugua tena. Nilipowasha, njia ikaonekana mpaka kwenye kona.

"Sasa munifuate." Akatutangulia mpaka Butembo.

Kwa kuagana, mama akamupatia jogoo yenye alikuwa analetea bajukuu yake, batoto bangu. Batoto bamelia kidogo. 😂

Na wewe, nani alishakusaidia mu njia?

Papa Issa, aksanti sana. Sasa hivi mama yangu iko anakula ku meza yetu.