Barua Ambayo Mzee Barasa Hakusomewa

Nakumbuka siku moja ya mvua kule Dundori, wakati serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, siku ambayo ningeifuta kama ingefutika. Nilikuwa karani wa shamba la maua ya pareto, kijana mbichi, na Kiingereza changu kilinivimbisha kichwa.

Ng'ombe wa mzungu mwenye shamba walikuwa wakichafua mto tulikochota maji, na watoto wa kambi yetu ya wafanyakazi wakaharisha. Mzee Barasa, mchuma pareto tuliyemheshimu sote, akaja nimwandikie barua ya kumpelekea mzungu huyo.

"Karani, sema tu tunaomba akae na sisi, tuongee hiyo maneno mbele ya watu wote."

Mwanangu, niliona hayo ni mepesi mno kwa kalamu yangu. Gazetini nilikuwa nimeokota msemo, *stir up the people*. Nikabahatisha kwamba ndiyo kuanzisha mjadala wa watu wote, nikauweka kwenye barua. Kumbe ni kuchochea watu, na siku zile mchochezi hakulala kwake. Mwalimu aliyejua Kiingereza alikaa ng'ambo ya mto tu, lakini kumuuliza niliona haya.

Tulikuwa na desturi: mwandishi humsomea mwenye barua kwa Kiswahili, neno kwa neno, ndipo aweke dole gumba. Barasa akangoja.

"Haya, nisomee."

"Kwani mzee huniamini?"

Akacheka, akaweka dole lake. Nilikwepa kwa sababu Kiswahili cha msemo ule sikuwa na hakika nacho.

Siku ya tatu baada ya mzungu kuipata barua, askari walimpakia Barasa kwenye lori, mkewe akilia. Nami nilisimama mlangoni mwa ofisi, nikanyamaza. Kunyamaza huko, mwanangu, kunanichoma kuliko barua yenyewe.

Alirudi baada ya miaka miwili, kifua kimeharibika. Nilipokwenda kumwamkia hakunigombeza. Alisema tu, "Karani, sasa nisomee."

Nikamsomea kwa kumbukumbu, kwa Kiswahili, hata pale penye kuchochea watu. Akatikisa kichwa, akageukia ukutani. Hakuiona mvua iliyofuata.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Kalamu yangu iliponza kichwa cha mwingine. Basi usimtilie mtu kinywani neno usilolijua. Uliza, kuuliza si ujinga. Msomee mwenye maneno kabla hajaweka dole. Na ukikosea, sema ni mimi, lori likiwa bado halijaondoka.

Mungu akupe wepesi wa kuuliza, mwanangu, na akuepushe na deni la aina yangu. Mimi bado namsomea Barasa barua ile, moyoni.