Funchi Nyuma ya Mlango

Nichekeni tu, mimi bibi mkali wa mtaa wa Malvern. Mjukuu wangu Zuhura alimleta mchumba wake, mtu wa kisiwa cha Kurasao. Nikaona haya kumpa ugali. Nikapika biriani, ugali nikauficha jikoni.

Mezani kijana akasema, Zuhura akinitafsiria, kwamba kwao hula funchi, unga wa mahindi uliosongwa. Neno lenyewe, akasema, lilivushwa bahari na watumwa kutoka Angola.

“Mwambie sisi hatuli vitu hivyo,” nikamwambia Zuhura.

“Bibi,” akanong’ona, “uongo huo siutafsiri.”

Lakini mimi wali haunishibishi. Nikajibanza nyuma ya mlango wa jikoni na tonge langu la ugali. Mara kijana akaingia kunawa mikono.

Akatazama sufuria, akatazama mashavu yangu yaliyotuna.

“Funchi,” akasema, akavuta stuli.