Injini ya Uani na Eda ya Mama

Baba alianguka uani, spana mkononi, injini ya pikapu yake kuukuu ikiwa wazi juu ya magunia na nati zimejaa kwenye makopo ya maziwa. Hakuamka tena. Baada ya hitima nilitaka kumwita mtu wa mkokoteni aipeleke gereji. Mama, akiwa chumbani kwake, akanizuia.

"Haitoki humu ikiwa wazi," akasema. "Na siku ya kumaliza eda, sitatoka kwa gari jingine. Isipokuwa tayari, nitakaa humu humu."

Nikaduwaa. Mama huyu huyu ambaye miaka yote hakuipenda pikapu ile! Akienda kwa dadake Ganjoni alipanda tuktuk, baba akimfuata nyuma na pikapu tupu kama mwendawazimu. Leo ndiyo imekuwa jambo la kufa na kupona? Nilimuuliza kwa nini, akaniambia nimletee maji ya kunywa.

Nilikuwa na muda wa eda tu, miezi minne na siku kumi, na kazi yangu mimi ni kufundisha watoto hesabu. Kaka sina. Fundi niliyemjua ni sahibu yake baba, mzee wa mashine za boti kule Liwatoni, ambaye namwita ami. Lakini aingieje? Chumba cha mama mlango wake unafungukia pale pale uani, na mwanamke aliye eda hakai mbele ya wanaume wasio maharimu wake. Basi kila Jumamosi baada ya alasiri ami alikaa barazani nje, mimi ndani, pazia la mlango katikati. Yeye anapaza sauti, mimi natenda. Kitu nisichokielewa nakiweka kwenye sinia, nakifunika kawa, nampelekea akione. Majirani wakipita wananiuliza, "Leo mwapika nini?" Nawaambia pistoni.

Kosa langu lilikuwa la usafi. Chini ya injini mna vifuniko vitano vya chuma vinavyoishika kranki, ule mhimili mzito unaozunguka. Baba alikuwa keshavitoa, na vilikuwa vichafu, vinatia kinyaa. Nikaviroweka vyote kwenye karai, nikavisugua kwa sabuni ya unga, nikavipanga kwenye sinia vinameta. Nikampelekea ami nikitaraji sifa.

"Mashaallah," akasema. "Sasa kipi kimetoka wapi?"

"Si vyote ni sawa, ami?"

Akavua kofia, akajikuna kichwa. "La, mwanangu. Kila kimoja kina kikao chake. Ukikosea, haizunguki."

Akaniambia nitazame vizuri, baba alikuwa na mazoea ya kutia vidoa kwa patasi. Kweli, vilikuwepo, kifuniko hiki kidoa kimoja, kile viwili, hadi vitano. Nikavifunga kwa hesabu hiyo, nikakaza, kranki ikakataa katakata. Nikafungua, nikafunga tena. Jumamosi tatu nzima! Nilirusha spana ikagonga ukuta, nikalia kwa hasira, nikamlaumu marehemu, Mungu anisamehe: si ungeandika, mzee wangu, vidoa ndio nini? Ami huko nje anauliza, "Imezunguka?" Mama chumbani anauliza, "Imezunguka?" Sikujua nimjibu nani kwanza, wala haya yote nayafanya kwa nini.

Jumamosi ya nne nilianza kuhesabu kutoka upande wa pili wa injini, si kwa akili, kwa kuchoka tu. Nikaishika kranki, ikazunguka kwa mkono mmoja. Nilipiga kigelegele peke yangu. Kilichobaki kilikuwa kuziba mafuta yasivuje: gasketi mpya, sili mpya, na gundi. "Kidogo, mwanangu, hupaki jamu!" ami alifoka nilipompelekea mfuniko mmoja. Wiki ya mwisho mama alifunga mlango wake kwa dakika chache, wachukuzi wakaitoa injini imefungwa kabisa, na ami akaitia kwenye pikapu mwisho wa kichochoro. Ikaguruma. Haikudondosha hata tone la mafuta.

Siku mama alipomaliza eda aliketi kando yangu, buibui jipya, ananukia udi. Tulipofika barabara kubwa nikamuuliza tena, maana bado nilikuwa sielewi: mama, pikapu hii hukuipenda, kwa nini basi?

Hakunitazama.

"Injini ilikaa uani mwezi mzima, nimechoka nayo," akasema. "Siku ile babako aliamka kifua kinambana. Akasema leo apumzike. Nikamwambia, kila siku kupumzika, hebu malizana nayo nipate ua wangu. Akatoka, akachukua spana, akaenda kuinama pale."

Niliendesha polepole mpaka Ganjoni, nikasimama mbele ya mlango wa dadake, nikapeleka mkono kwenye ufunguo.

"Usiizime," akasema.