Onja Kwanza

Wageni wakiuliza siku hizi kwa nini njia ile ya Garissa iliitwa Onja Kwanza, wanaambiwa ni kwa sababu ya wauza halua waliokuwa wakiwaonjesha wateja. Uongo mtupu. Halua gani, na vita vile? Jina lile tulilizaa sisi, wake za makarani na walimu tuliotoka milimani, kwa woga wetu.

Ilikuwa miaka ya shifta, waasi wa Kisomali waliopigana na serikali. Kila Msomali tulimwona jasusi, na wao bila shaka walituona vivyo hivyo. Alfajiri wanawake wao walileta maziwa katika vyombo vya kufumwa, ambavyo huvifukiza kwanza kwa kijinga cha moto. Maziwa yalinuka moshi. Kwao hiyo ndiyo ladha. Sisi tukasema ni sumu. Basi kila muuzaji aliposimama mlangoni alisikia neno lile lile: onja kwanza. Akimeza, tunanunua.

Mimi sikuwa na la kuchagua. Homa ilikuwa imenikausha matiti, na binti yangu mchanga hakuwa na chakula ila maziwa ya mbuzi ya mama mmoja mrefu, mwenye macho makali, aliyeonja kila asubuhi bila kunitazama. Sikumpenda. Wala sikumwamini.

Asubuhi moja alikataa.

"Mimi nafunga, abaayo, dada yangu," alisema. "Ramadan imeingia. Wallahi, mdomo yangu haibiti kitu mpaka magharibi."

Askari wa doria alikuwa akipita, akasikia.

"Jana ulionja, leo hutaki? Hapo kuna kitu."

Akainua chombo ayamwage. Binti alikuwa mgongoni mwangu, analia kwa sauti iliyokwisha kukauka. Nikampokonya askari kile chombo, nikanywa.

Mtadhani yaliishia hapo. Askari alituamuru tuketi ukutani sote wawili, asubiri aone kama nitakufa, na mtoto asipewe hata tone. Tukaketi. Jua likapanda. Tumbo likanguruma, nikajiambia ndiyo hiyo, nimekwisha. Nilimwibia jicho yule mama: midomo yake ilikuwa ikicheza. Ananiombea, au ananiapiza? Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega. Niliogopa, na nikamchukia kwa kuniogopesha.

Adhana ya adhuhuri ilipolia askari alichoka, akaenda zake. Kwa joto lile niliamini maziwa yamekwisha kuchacha. Mama alinimiminia kidogo kiganjani. Yalikuwa bado matamu, na moshi wake ule ule. Binti alikunywa mpaka akapitiwa na usingizi, kikombe kikiwa mdomoni.

Kesho yake yule mama alikuja kama kawaida. Kabla sijasema neno alijaza kikombe, akanipa mimi, akanikazia macho.

"Onja kwanza," akasema.

Alifanya hivyo mwezi mzima. Idi ikapita, wauzaji wakarudi kuonja kwenye milango yote ya njia ile. Kwangu aliendelea kunipa mimi kikombe, na hakuondoka mpaka aone nimemeza.